Kabla Trekta Halijawashwa: Risala ya Kikundi cha Funika Udongo

Mgeni rasmi, viongozi ulioongozana nao, majirani zetu wa pande zote mbili za barabara, na ninyi wanakikundi wenzangu ambao leo nawaona mmevaa viatu: tunawasalimu kwa heshima.

Mimi ninayesoma ni fundi cherehani, na nilichaguliwa kuwa katibu kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Maneno ni ya watu thelathini na mmoja. Yangu ni sauti tu. Nikikwama mahali, msidhani nalia. Ni miwani.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, tumefurahi kukuona, na tunasema hivyo bila kuambiwa na mtu. Wageni tuliowazoea ni wa kupita. Hupunguza mwendo hapo barabarani, hushusha kioo, huuliza kama shamba hili lina mwenyewe, kisha huondoka wakitikisa kichwa. Wewe umeshuka. Umekanyaga tope, tumeliona, na tunakuomba radhi kwa viatu vyako. Tope hilo lina kisa chake, nasi tutakisema humu humu bila kuficha.

Viti ulivyoviona tumeazima shuleni, turubai ni la muuza mbao, na kipaza sauti ni cha kinyozi, ndiyo maana kinakohoa. Udongo peke yake ndio wetu. Karibu sana.

HISTORIA YETU

Miaka saba iliyopita hatukuwa kikundi. Tulikuwa majirani wenye shida moja na kila mtu akiona aibu kuitaja. Kila mwaka tulifyeka, tukachoma, tukalima kwa kupindua udongo mpaka ukawa laini kama unga, tukajisifu kwa usafi wa mashamba. Mvua ya kwanza ikija, ule unga unaondoka. Mtaro wa barabara ulijaa udongo wetu hadi ukawa unazibuliwa kila msimu, na waliozibua ni sisi wenyewe, kwa vibarua. Yaani tulilima, tukasafirisha shamba, kisha tukalipwa kulizoa.

Mvua ikichelewa siku kumi, mahindi yananyong'onyea. Ikija kwa nguvu, yanalala. Mbolea ya dukani tuliongeza kila mwaka, na kila mwaka gunia lilipungua. Tulilaumu mbegu, tukalaumu jua, wengine wakalaumu wake zao.

Aliyetutoa huko si mtaalamu. Ni mama mmoja, na yupo hapa, kiti cha pili mstari wa mbele, mwenye kilemba cha kijani. Sisi humwita Bi Mabua, na jina hilo tulimpa kwa kumcheka. Mumewe alifariki akamwachia shamba hili hili tulilokaa pembeni yake, ekari moja na nusu, lililokuwa limechoka kiasi kwamba hata magugu yalilisusa. Hakuwa na nguvu ya kulilima, wala hakuwa na mtu wa kumlimia. Basi akatoboa mashimo kwa ncha ya jembe, akapanda humo, na pale palipobaki akapafunika kwa mabua aliyookota katika mashamba yetu kabla hatujayachoma, ili magugu yasimshinde. Tulimwona akipita na mizigo kichwani, tukacheka. Shemeji yake, ndugu wa marehemu, ambaye amepakana naye kwa mpaka mmoja, alisema mbele ya watu: "Shamba la shemeji yangu halihitaji mkulima, linahitaji mfagizi."

Msimu ule mvua ilikata mapema. Mahindi yetu yalikauka yakiwa yamefika kiunoni. Ya Bi Mabua yalikaa kijani wiki mbili zaidi, na wiki mbili hizo ndizo zilizotia punje kwenye gunzi. Tukaacha kucheka. Wa kwanza kwenda kuuliza alijifanya amekwenda kuazima chumvi.

Bwana shamba alipokuja, akachota udongo, akanusa, akatuambia kwamba alichofanya mama huyu kinaitwa kilimo cha kurejesha uhai wa udongo, na kwamba vimeandikwa vitabu juu yake. Bi Mabua akamwuliza kama vitabu hivyo vinasaidia kubeba mabua. Kikundi chetu kilianzia hapo.

TUNACHOFANYA

Mgeni rasmi, kazi yetu ni rahisi kueleza na ni ngumu kuvumilia. Hatupindui udongo. Tunatoboa shimo au tunachora mstari mwembamba, tunatia kiganja cha samadi au mboji, tunapanda, basi. Masalia yote ya mavuno yanabaki shambani kama blanketi. Katikati ya mahindi tunapanda kunde au mbaazi, ili udongo usikae uchi hata mwezi mmoja, na pia kwa sababu mikunde inaulisha udongo inapoulinda. Mwaka unaofuata tunabadilisha: palipokuwa na mahindi panakaa maharage au mtama. Penye mteremko tumechimba makinga maji yanayofuata usawa wa ardhi, na kingo zake tumepanda majani ya mifugo.

Samadi tunaipika. Tunaipanga kwa tabaka pamoja na majani makavu na mabichi, tunaigeuza kila wiki mbili, na tunaitia fimbo katikati. Fimbo ikitoka ya moto, mambo yanaenda sawa. Mwenyekiti wetu, ambaye ni fundi baiskeli, alitengeneza toroli la magurudumu mawili la kubebea. Breki halina. Wanaojua hulipisha mapema.

MAFANIKIO

Shamba hili la mfano, la Bi Mabua, mwaka wa kwanza lilitoa magunia manne. Msimu uliopita limetoa magunia kumi na tisa ya mahindi, na kunde tulizokula bila kuzihesabu. Hatusemi kila mmoja wetu amefika huko. Wengi tumefika kwenye kumi na mbili, na mbolea ya dukani tunatia kiganja pale tulipokuwa tunatia kopo.

Lakini tunachojivunia zaidi hakiingii kwenye gunia. Kule mwanzo ukichomeka jembe hapa liligonga tabaka gumu kiasi cha shibiri moja chini, kama sakafu, ambayo tuliijenga wenyewe kwa kulima kina kile kile miaka nenda miaka rudi. Maji yalifika pale yakakwama, na mizizi ikafika pale ikapinda. Leo unaweza kuingiza fimbo mpaka kwenye kiwiko. Vijishimo vya minyoo ndivyo mifereji yetu. Mizizi ya mbaazi ya mwaka juzi imeoza ikaacha njia, na mahindi ya mwaka huu yanashukia humo humo. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na waliounda hapa wengi hawana hata mikono.

Tuna mafanikio mengine ambayo mhusika hatapenda tuyasome. Shemeji yake Bi Mabua, yule wa mfagizi, ana kipande nyuma ya nyumba yake alichokifunika kwa majani tangu msimu uliopita. Amekizungushia uzio mrefu tusikione. Tunaomba akubali kadi ya uanachama leo, tumeshamwandikia, imebaki sahihi yake.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, tungekuwa waongo tukisema njia hii ni ya mteremko. Miaka miwili ya kwanza, mvua ikiwa nzuri, hakuna unachokiona. Magugu yanazidi, kwa sababu hujayafukia, na yanang'olewa kwa mikono, na mikono mingi kati ya hiyo ni ya akina mama. Udongo uliochoka unapopewa mabua huyala kwanza wenyewe, ndipo ulishe mahindi, kwa hiyo mwaka wa kwanza majani hugeuka manjano na jirani hupita akasema "pole." Tulianza watu arobaini na wanne. Mwaka wa tatu tulikuwa kumi na tisa. Hatuwalaumu waliotoka. Mtu mwenye watoto watano hawezi kuwaambia wasubiri udongo upone.

Changamoto nyingine ina miguu minne. Kwa desturi yetu, mavuno yakishatoka shamba ni la wote, na mifugo huingia. Kwa hiyo unavuna Jumatatu, blanketi unalitandika Jumanne, na Jumatano ng'ombe wa jirani wanalila blanketi lako huku wakikutazama. Tukisema, tunaambiwa tuna roho mbaya, mabua tu tunawanyima. Wafugaji ni ndugu zetu, na ng'ombe zao ndio wanaotupa samadi. Tunahitaji utaratibu wa kugawana, kwa sababu ugomvi hautatusaidia sisi wala wao.

Kuna wanaolima mashamba ya kukodi. Mume na mke, wote wanakikundi wetu, walichukua kipande kilichokuwa kama kigae, wakakihudumia miaka minne. Kilipoanza kuzaa, mwenye shamba akaja kutembea, akakiona, akakumbuka ghafla kwamba ana mpwa anayetaka kulima. Hawakuwa na maandishi. Wameanza tena mahali pengine, kwenye kigae kingine. Wamekaa kule nyuma, na mke amesema tusiwanyooshee kidole, kwa hiyo hatuwanyooshei.

Sasa tunafika kwenye tope.

Mgeni rasmi, adui mkubwa wa kilimo chetu ni aibu. Sisi sote tumelelewa tukiamini kwamba shamba safi ni heshima na shamba lenye takataka ni uvivu. Mgeni akija nyumbani unafagia. Wiki tatu zilizopita tulipopata barua kwamba utafika, tulikaa kikao, na bila mtu yeyote kutulazimisha, sisi watu wa Funika Udongo, tunaofundisha vijiji vya jirani kufunika udongo, tulichukua reki tukakwangua mabua yote katika kipande cha mbele ili ukifika uone pamependeza. Tukayachoma. Tuliimba tukiyachoma. Bi Mabua alikuwa amekwenda kumwuguza dada yake, aliporudi alisimama hapo barabarani akatutazama, akauliza tu: "Mmemaliza?"

Juzi ikanyesha. Kwenye sehemu iliyofunikwa, maji yameingia yote, hata kijito hakikuonekana. Kwenye sehemu tuliyoifagia, yamekimbia yakabeba udongo yakaumwaga pale gari lako liliposimama. Hilo ndilo tope lililo kwenye viatu vyako. Ni juhudi zetu za kukupokea. Mficha uchi hazai, nasi tumeona afadhali tuseme.

MAOMBI

Tunaomba kwanza utaratibu wa malisho baada ya mavuno, utakaokubaliwa na wakulima na wafugaji wakiwa wamekaa chumba kimoja. Sisi tuko tayari kutoa theluthi ya mabua, na majani ya kwenye makinga maji.

Tunaomba mikataba ya kukodi mashamba iwe ya maandishi na isipungue miaka mitano, ili anayeuponya udongo ale pia matunda yake.

Tunaomba mbegu za mazao ya kufunika udongo zipatikane karibu, maana sasa hivi tunagawana kwa vikombe vya chai.

Na kuhusu trekta hili jipya, Mheshimiwa, tunakushukuru kwa dhati. Wapo majirani zetu waliolisubiri muda mrefu, na sisi hatulipingi. Migongo yetu inalitamani. Tunaomba tu liletewe pia kile chombo cha kupasua mstari mwembamba bila kupindua udongo, na tela la kubebea samadi. Likipata hivyo viwili, tutalipokea kama mwanakikundi wa thelathini na mbili, na ada hatutalidai.

MANENO YASIYOMO KATIKA NAKALA YAKO

Mgeni rasmi, ukitazama nakala iliyo mkononi mwako utaona imeishia hapo kwenye maombi. Ukurasa huu tumeuandika leo asubuhi, kwa kalamu, juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa. Tafadhali usiwalaumu waandaaji. Hawakuujua, na wao ndio waliotutafutia hata hizo karatasi.

Kipengele cha nane cha ratiba kinasema kwamba baada ya risala, mgeni rasmi atazindua trekta kwa kulima mstari wa kwanza katika shamba la mfano. Kipengele cha tisa kinasema shamba lote lililobaki litalimwa bure, kama zawadi kwa mwenye shamba. Trekta ndilo lile, na utepe umefungwa. Plau yake ina sahani tatu. Dereva ametuonyesha kwamba inazama na kupindua udongo mzima mzima, kina cha mkono, na ametuonyesha kwa fahari, maana ni kazi yake na anaijua.

Afisa aliyekuja kukagua mahali pa sherehe alikuta kile kipande tulichokifagia. Akasema, "Hapa ndipo. Pamekaa tayari kwa kulimwa." Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kwa macho ya mtu yeyote, tulikuwa tumeandaa shamba la kulimwa. Kosa ni letu, na kila mtu aliyeshika reki siku ile anasikiliza sasa hivi akitazama chini.

Tukilipindua shamba hili leo, ile mifereji ya minyoo itafungwa ndani ya saa moja tu, hata kabla ya chakula. Blanketi litafukiwa. Jua litaunguza kilichokuwa kimejificha miaka saba. Hautakufa udongo wote, tusiongeze chumvi. Lakini bwana shamba anakadiria miaka mitano mpaka saba kurudi tulipo. Bi Mabua ana miaka sitini na tisa.

Leo alfajiri alikuja kupanga viti. Tukamkalisha, tukamwambia: mama, shamba ni lako, sema hapana, sisi tutakuwa nyuma yako. Akatusikiliza mpaka mwisho, huku anafuta viti.

Akasema: "Mgeni ametoka mbali kaja na zawadi, mimi nimkatalie mbele za watu? Sikulelewa hivyo."

Mwenyekiti akamwambia, "Lakini mama, ni miaka saba."

Akasema: "Nitaanza tena. Mara ya kwanza nilianza peke yangu mnanicheka. Sasa angalau mtanibebea." Kisha akatuagiza kwamba habari hii tusiitie kwenye risala, tusimwaibishe mgeni wake.

Mheshimiwa, tumemwasi. Ni mara ya kwanza. Mnaona wenyewe anavyonitazama, na mimi jioni itabidi nipite mlangoni kwake, hakuna njia nyingine ya kwenda kwangu.

Wakubwa walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wako leo ni huyu. Trekta linaweza kuzinduliwa barabarani, utepe ukakatwa, picha zikapigwa, na watu wakapiga makofi vile vile. Shemeji yake amesema hapa mbele yetu, na tumeandika alivyosema ili asije akageuka: "Kama lazima plau iguse ardhi, iguse yangu. Yangu imezoea." Shamba lake ni hili linalofuata, hatua ishirini tu, na liko tayari kabisa.

Hatukuamulii. Ratiba ni yako na trekta umekuja nalo wewe. Tunakuambia tu tunachokijua kwa hakika kuhusu mama huyu. Ukitoka hapo ulipoketi ukamwendea, ukamwambia kwa upole, "Mama, unaniruhusu nilime?", atasimama. Atakushika mkono kwa mikono yake miwili, atatabasamu, atakwambia karibu, karibu sana. Atakubali, Mheshimiwa.

Tunakuomba usimwulize.

Mungu akupe afya na akufikishe kwako salama, wewe na wote ulioongozana nao, na neno lako la leo likawe na baraka kwa waliopo na kwa watakaolima hapa baada yetu.

Ni sisi, watu thelathini na mmoja,
Kikundi cha Wakulima cha Funika Udongo.